Kurekebisha nguo iliyochakaa: mwongozo kamili wa sindano, uzi na haki ya aliyeishona

Kabla ya kutia uzi kwenye sindano, geuza nguo nje ndani uiangalie kwenye mwanga mzuri. Upande wa nje umepambwa ili uuzike. Kazi yenyewe iko ndani. Huko utaona mshono umeachiwa nafasi kiasi gani, pindo limekunjwa mara moja au mbili, kifungo kimefungwa fundo au kimeachwa hivi hivi. Nimeandika mwongozo huu nikiamini kwamba nguo haichaniki ovyo. Mara nyingi inachanikia pale ambapo kuna kitu kilibanwa: kitambaa, uzi, dakika, au ujira wa aliyeketi nyuma ya cherehani. Ukishajua kilichobanwa, utajua namna ya kurekebisha, na utajua pia nguo ya namna gani usiinunue tena.

Isome nguo kwanza

Anza na nafasi ya mshono, yaani kile kitambaa kinachobaki upande wa ndani baada ya mshono kupita. Fundi wa mtaani anayekushonea gauni la kitenge huacha sentimita mbili au zaidi ubavuni, maana anajua utanenepa au utapungua na gauni litarudi kwake. Fulana na blauzi nyingi za kiwandani huachiwa chini ya sentimita moja, kisha ukingo hupigwa ovaloki, mashine inayokata na kushona kwa wakati mmoja. Kwenye blauzi moja milimita chache si kitu. Kwenye oda ya blauzi laki moja, ni majora mengi ya kitambaa yaliyookolewa. Wewe ndiye unayekuja kugundua mshono umefumuka na huna pa kushikia.

Kisha chukua rula uhesabu mishono ndani ya inchi moja. Shati lililoshonwa kwa utulivu huwa na mishono 12 au zaidi. Ukikuta 7 au 8, mashine ilipewa hatua ndefu ili nguo imalizike upesi na uzi utumike kidogo. Shati hilo litaachia kwenye kwapa na mabegani kabla kitambaa chenyewe hakijachoka.

Mwisho, jua kitambaa ni cha nini. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, ushike kwa kibano juu ya sinia au sinki, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Polista huyeyuka, inajikunja, na ikipoa huacha punje ngumu. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Jaribio hili linakuambia pasi iwe na moto kiasi gani na uzi gani utumie. Vitambaa vya mchanganyiko, kama tetroni ya sare za shule, hutoa vyote viwili: majivu kidogo na punje kidogo.

Vifaa

Huhitaji cherehani. Unahitaji sindano nyembamba, sindano nene ya jinzi na sindano ya ncha butu kwa nguo za kufuma, uzi mweusi, mweupe, wa bluu ya jinzi na wa kaki, pini, futikamba, wembe wa kufumulia, na kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea mistari, ambacho hutoka nguo ikifuliwa. Ongeza nta ya nyuki ukiipata, au mshumaa. Mkasi wa nguo usikate karatasi hata siku moja, utakuwa butu. Ukishona kitambaa kigumu, vaa kidoleni kile kikofia cha chuma cha mafundi.

Uzi una kanuni moja: usizidi kitambaa kwa nguvu. Uzi wa polista kwenye khanga iliyozeeka utakata khanga yenyewe pembeni mwa mshono, na utakuwa umetengeneza tundu refu kuliko lile la mwanzo. Nguo ya pamba iliyochoka, ishone kwa uzi wa pamba. Jinzi, begi na mishono ya makalio, tumia polista.

Fua nguo kabla ya kuigusa kwa sindano, uianike, uipige pasi. Kiraka nacho kifuliwe, la sivyo kitarudi baada ya kushonwa na kuikunja nguo yote.

Kifungo

Kiwandani kifungo hushonwa na mashine maalumu inayotumia uzi mmoja unaojifunga kwa vitanzi, kila kitanzi kikishikwa na kinachofuata. Kazi huisha kwa sekunde chache, ila mara nyingi mwisho wake haufungwi fundo. Ukivuta ncha ya uzi kwa nyuma, vitanzi vyote vinafumuka mfululizo na kifungo kinabaki mkononi mwako. Ndiyo maana vifungo vya shati jipya huanguka mapema. Ukinunua shati jipya, usingoje vianguke; pitisha uzi wako juu ya ule uliopo kwenye kila kifungo kabla ya kulivaa.

Kikishaanguka:

1. Pitisha uzi kwenye nta, uukunje uwe mara mbili, ufunge fundo.
2. Ingiza sindano kutoka mbele, mahali kifungo kitakapokaa, ili fundo lifichwe na kifungo. Chukua nyuzi chache za kitambaa, utoe sindano.
3. Weka kifungo, na chini yake laza njiti ya kiberiti. Njiti hii inaacha nafasi ya kitambaa cha upande wa pili kukaa bila kubanwa.
4. Pita kwenye kila jozi ya matundu mara nne au tano.
5. Ondoa njiti, vuta kifungo juu, zungushia uzi chini yake mara nne au tano ili uwe shingo.
6. Peleka sindano nyuma, funga fundo mara mbili, kata.

Ikiwa kifungo kilianguka na kipande cha kitambaa, shona kwanza kiraka kidogo kwa nyuma. Kwenye koti, weka kifungo kidogo bapa upande wa ndani na ushone vyote viwili pamoja, ili mvuto ubebwe na kifungo badala ya kitambaa.

Mshono uliofumuka

Huu ndio ubovu wa kawaida kuliko wote na ndio rahisi kuliko wote, kwa kuwa kitambaa ni kizima. Kilichokwisha ni uzi. Usivute uzi uliokatika. Geuza nguo, linganisha kingo mbili, zishike kwa pini. Anza kushona sentimita mbili kabla ya pale palipofumuka, kwenye mshono ulio mzima, na umalize sentimita mbili mbele yake.

Tumia mshono wa kurudi nyuma: toa sindano juu, irudishe nyuma milimita tatu uingize, itoe milimita tatu mbele ya pale ilipotokea mwanzo, kisha irudishe tena hadi ukutane na mshono uliotangulia. Kwa juu utaona mstari usiokatika, kwa chini nyuzi zinapandiana. Mshono huu wa mkono una nguvu karibu sawa na wa cherehani na unafaa ubavuni, kwapani na makalioni. Kwenye fulana inayovutika, shona kwa kupinda kushoto na kulia, mishono mifupi, bila kukaza uzi, kwani mstari ulionyooka utakatika mara ya kwanza utakapoivaa.

Mshono ukiachia kwenye nafasi finyu na kitambaa kikawa kimeanza kunyambuka, sogea ndani milimita mbili tatu na uchore mstari mpya kwa sabuni. Nguo itabana kidogo. Kama hilo haliwezekani, kata utepe mwembamba wa pamba, uuweke juu ya mstari wa mshono upande wa ndani, ushone vyote pamoja. Mabegani mwa fulana utepe huo unazuia pia bega kulegea.

Mikono iliyotangulia yako kwenye mshono huo nayo isemwe. Nguo ya kiwandani haishonwi na mtu mmoja. Huyu anaunga bega tu, yule anatia mkono tu, mwingine anapiga pindo tu, kutwa nzima, na kila mstari wa vyerehani una idadi inayotakiwa kwa saa. Mshono uliotoka nje ya mstari hausahihishwi ikiwa kusahihisha kunashusha idadi. Na haraka hiyo haiishii kwenye uzi. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika Rana Plaza, jengo la ghorofa nane huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliambiwa warudi kesho yake, wengine wakitishiwa kunyimwa mshahara, kwa sababu oda zilikuwa na tarehe. Asubuhi ya tarehe 24 jengo liliporomoka. Walikufa watu 1,134, na zaidi ya 2,000 wakajeruhiwa. Miezi mitano kabla yake zaidi ya watu 110 walikuwa wamekufa kwa moto katika kiwanda cha Tazreen, pembezoni mwa Dhaka hiyohiyo.

Baada ya Rana Plaza, makampuni mengi yanayonunua nguo Bangladesh yalitia saini na vyama vya wafanyakazi mkataba wa usalama wa moto na majengo unaowabana kisheria, na wakaguzi wakaingia viwandani. Majengo yameimarika. Ujira unakwenda polepole zaidi: mwaka 2023 wafanyakazi waliandamana wakidai kima cha chini cha taka (sarafu ya Bangladesh) 23,000 kwa mwezi, na kilichopangwa kikawa taka 12,500. Kwa hiyo bega la fulana ya Bangladesh likifumuka, usiseme aliyelishona ni mzembe. Unamalizia kazi ambayo yeye alinyimwa muda wa kuimaliza.

Jinzi iliyoisha mapajani

Hapa ndipo watu wengi hutupa suruali nzima, ilhali sehemu iliyoharibika haizidi kiganja. Siri ni kuwahi. Kila mwezi ishike jinzi juu ya dirisha. Ukiona mwanga unapenya mapajani, tia kiraka siku hiyo, kabla haijatoboka.

1. Kata nyuzi zinazoning'inia pembeni, lakini zile nyuzi nyeupe zilizobaki zikivuka tundu usizikate. Zinashikilia umbo la kitambaa.
2. Tafuta kiraka kutoka jinzi nyingine kuukuu, cha uzito sawa au chepesi kidogo. Kizidi tundu kwa sentimita tatu kila upande. Kikate kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za suruali, na uviringe pembe, kwa kuwa pembe kali ndiyo inayoanza kung'oka.
3. Kiweke upande wa ndani, ukipige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi tofauti ili uweze kuutoa baadaye. Usikunje kingo zake; kukunja kunaleta unene utakaokukwaruza ukitembea. Zipige ovaloki kwa fundi, au uziache wazi.
4. Geuza upande wa nje. Kwa uzi wa rangi ya jinzi, shona mistari midogo iliyo sambamba, milimita nne hivi kutoka mstari hadi mstari, ukipita juu ya tundu na kuendelea hadi kwenye kitambaa kizima. Mstari mmoja usiishie mahali pamoja na mwenzake, ukingo ukiwa mmoja ulionyooka kitambaa kitachanikia hapohapo.
5. Usikaze. Baada ya kila mistari mitatu lainisha kitambaa kwa kiganja.
6. Toa bandi, piga pasi kwa mvuke au kwa kitambaa kibichi.

Mwenye cherehani afanye hivyohivyo kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, mistari ikikaribiana. Goti ni kazi ileile ila mguu ni mwembamba, hivyo fumua kwanza sentimita 20 za mshono wa nje upate kulaza kitambaa, kisha uufunge.

Jinzi zinazovutika huisha upesi zaidi, kwani uzi wake wa mpira unauawa na pasi ya moto, jiki na jua kali. Zifue kwa maji baridi ukiwa umezigeuza, uzianike kivulini.

Na jinzi zinazouzwa zikiwa zimeshapauka na kuchakaa zina habari yao. Kwa miaka mingi mwonekano huo ulipatikana kwa kupuliza mchanga kwa mashine juu ya kitambaa. Vumbi la mchanga huo lina silika, na silika ikiingia mapafuni huleta silikosisi, ugonjwa usioponyeka. Nchini Uturuki vijana waliofanya kazi hiyo kwenye karakana zisizo na hewa waliugua na wengine wakafa, na mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku upulizaji huo. Nunua jinzi yenye rangi yake kamili. Itapauka yenyewe kwa kuvaliwa, na itakudumia muda mrefu kwa kuwa hakuna aliyekuanzia kuichakaza.

Tundu dogo: kutililia

Matundu madogo ya tumboni kwenye fulana husababishwa mara nyingi na kifungo cha suruali au mkanda unaosugua. Yashike yakiwa madogo. Kwa sindano nyembamba na uzi laini, zungukia tundu ukiokota kila kitanzi kilichoachia, vuta polepole hadi lifunge, funga kwa nyuma. Tundu kubwa kuliko kunde, weka ndani kipande cha fulana nyingine na ukishone pembeni kwa mishono midogo.

Kwa nguo ya kusuka, kama shati, shuka au khanga, tililia, yaani ziba tundu kwa kusuka uzi juu yake. Tandaza nguo juu ya kifuu kilicholainishwa au kibuyu kidogo, isikazwe. Anza sentimita moja nje ya tundu, peleka mistari ya uzi wima hadi uvuke tundu lote, na kila unapogeuka acha kitanzi kidogo ili uzi ukirudi baada ya kufuliwa usiikunje nguo. Kisha pita kwa upana, juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, mstari wa pili ukibadilishana na wa kwanza, kama msusi wa mkeka anavyopitisha ukindu. Sukuma mistari ikaribiane kwa ncha ya sindano. Kazi hii haina njia ya mkato. Ukiwa na uzi uliochomolewa kwenye pindo la nguo ileile, kiraka kitakaribia kutoonekana.

Sweta la kufuma lililotoboka kiwiko hutililiwa vilevile, kwa sindano butu na uzi wa sufu wa unene uleule.

Sare za shule

Mzazi anayejua sindano anaokoa fedha nyingi hapa. Unaponunua sare, angalia pindo kabla ya rangi. Sketi au suruali yenye pindo la sentimita sita itashushwa mara mbili kabla mtoto hajaizidi. Yenye pindo la sentimita mbili ni ya mwaka mmoja. Kushusha: fumua kwa wembe, piga mswaki uchafu uliojaa kwenye mkunjo, lowanisha mstari wa zamani kwa siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, upige pasi juu ya kitambaa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Mstari uliokwisha pauka hautatoka kabisa, lakini utafifia. Kunja upya, na ushone pindo kwa kuokota uzi mmoja au miwili tu ya upande wa nje kila mchomo, bila kukaza.

Makalio ya kaptula yatiwe kiraka cha ndani kabla ya kuvaliwa siku ya kwanza. Kitambaa kiwe kilekile. Fundi aliyeshona sare huwa na vipande.

Kola ya shati huisha kwenye mkunjo unaosugua shingo, ilhali upande wake wa chini ni mpya kabisa. Igeuze. Kola ina sehemu mbili: kola yenyewe na ule mshipi unaozunguka shingo. Tia alama ya katikati kwenye vyote viwili. Fumua mshono unaoviunganisha, huo tu. Toa kola, igeuze upande uliochakaa uwe chini, utililie palipolika, irudishe ndani ya mshipi alama zikikutana, piga bandi, ushone juu ya mstari wa zamani. Kola yenye vifungo kwenye ncha haigeuziki hivi, na yenye mfuko wa vijiti vya ndani itakuonyesha mfuko huo kwa juu. Kwa shati la kawaida la shule au la kazini, umepata nusu nyingine ya maisha yake.

Zipu

Zipu inayoachana baada ya kufungwa, meno yake kwa kawaida ni mazima. Kichwa ndicho kilichopanuka. Kirudishe chini kabisa, kibane kwa koleo upande mmoja kisha wa pili, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Ukibana kwa nguvu kitapasuka. Zipu nzito kuvuta, ipake mshumaa. Likivunjika jino karibu na chini, shona uzi mara nyingi juu ya pale palipoharibika kichwa kisipite tena, na zipu itakuwa fupi kidogo tu. Likivunjika katikati, mpelekee fundi abadilishe.

Ukimpelekea fundi

Mpe nguo iliyofuliwa, palipochanika pamewekwa pini, na ukubaliane bei kabla hajaanza. Kurekebisha kunachukua muda kuliko watu wanavyodhani: kufumua zipu ya suruali bila kuchana kitambaa ni kazi ya kichwa na ya macho. Usimkadirie kwa ukubwa wa kiraka. Wala usimshushe bei kwa kusema shati jipya la mtumba ni bei hiyohiyo. Bei ya shati lile iko chini kwa sababu ujira wa aliyelishona ulilipwa mara moja, kidogo, mbali, na mnunuzi wa kwanza.

Wiki ya mwisho kabla ya Idi au Krismasi mafundi hukesha. Kiraka chako kinaweza kungoja. Tunayemlilia kwenye kiwanda cha Dhaka kwa kufanyishwa kazi usiku kucha ni ndugu wa huyu aliye barazani kwetu, na kwa huyu sisi ndio wenye oda.

Ukimaliza, lipa pale pale. Kama amefanya vizuri, waambie majirani.

Unaponunua

Kwenye mitumba, iwe Karume pale Ilala, Gikomba ya Nairobi, Kongowea ya Mombasa au Owino ya Kampala, fanya mbele ya muuzaji ukaguzi uleule wa mwanzo: geuza, inua kwenye mwanga, vuta mshono wa kwapa kwa vidole viwili uone kama nyuzi zinaachana, pitia mapaja, fungua na ufunge zipu. Tundu kwenye mshono si kasoro ya kukutisha, ni sababu halali ya kupunguziwa. Kitambaa kilicholika mapajani ni kazi kubwa zaidi. Doa la jasho la njano kwapani ni gumu kutoka. Kumbuka kwamba mwenye meza alinunua belo, mara nyingi la kilo 45, bila kuona kilichomo. Zile za chini anazibeba kama hasara yake. Zisizouzika kabisa huishia dampo, na polista haiozi.

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019, ili viwanda vyetu vipate soko. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, na Marekani ikaanza kupitia upya nafasi ya nchi zetu kwenye AGOA, mpango wake uliokuwa ukiziruhusu nguo zinazoshonwa huku, kama zile za viwanda vya Athi River nchini Kenya, kuingia kwake bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake mpya, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Wakati huohuo, sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza inaondoka nchini ikiwa haijasokotwa uzi, na viwanda kama Urafiki cha Ubungo, kilichoanza mwaka 1968, havijapata tena nguvu ya enzi zake. Simlaumu anayevaa mtumba, maana ndio anaoumudu, na mamilioni wanaishi kwa biashara hiyo. Ila nguo yoyote unayoirefushia maisha inakupa nafasi ya kungoja, na siku nyingine fedha hiyo umpelekee fundi akushonee kitambaa cha hapa.

Kwa nguo mpya, muulize muuzaji inashonwa wapi na kiwanda gani. Makampuni kadhaa makubwa hutangaza majina ya viwanda vyao. Lisilotangaza liulize kwa nini. Usome vyeti kwa uangalifu. OEKO-TEX Standard 100 inapima kemikali zilizomo kwenye kitambaa na haisemi chochote juu ya mshahara. GOTS inahusu nyuzi za kilimo hai, usindikaji wake na masharti ya kazi pia. Fairtrade kwenye pamba inamhusu mkulima. Alama ya Cotton made in Africa inaweza kuwa pamba ya Tanzania, na wilayani Meatu wakulima wa bioRe wamelima pamba hai tangu miaka ya 1990. Kati ya vyeti hivi hakuna kinachohakikisha kwamba aliyekaa kwenye cherehani analipwa ujira wa kumtosha kuishi. Chama cha wafanyakazi chenye nguvu ndani ya kiwanda kinafanya zaidi ya lebo yoyote, kwa hiyo habari za migomo na madai yao zifuatilie na uwaunge mkono.

Nguo isiyorekebishika

Kata vifungo uvitunge kwenye uzi mmoja, ukiweka vya seti moja pamoja. Toa zipu nzima. Kata vipande vizima vya jinzi, fulana na tetroni, kila aina kwenye mfuko wake. Hivyo ndivyo viraka vyako vya kesho. Pamba iliyobaki ni tambara zuri la kufutia, linanyonya maji. Mabaki ya polista hayanyonyi, na usiyachome jikoni wala uani, moshi wake ni sumu. Yajaze ndani ya mto au godoro la mtoto, yakiwa yamefuliwa na kukatwa madogo.